Kumi na Nane Baada ya Leugaw

3 Juni
Mwalimu Saowalak amenipa daftari hili. Anataka niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono uzoee herufi. Nimemwambia mkono wangu umezoea jembe. Akacheka, akasema jembe halitaniuliza swali kule mkoani. Basi haya, nimeandika. Nimechoka.

5 Juni
Tumemaliza kupanda mpunga shamba la juu. Mgongo hauniitikii.

6 Juni
Mwalimu amesoma nilichoandika, akasema daftari linataka kujua mimi ni nani. Daftari lina maswali kama polisi. Haya: naitwa Mizeu. Ni Mwakha kwa kabila, wa kijiji cha Pha Lom, milima ya mkoa wa Chiang Rai. Nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama, wala sikumbuki upande wa pili una miti gani. Nina kadi ya rangi ya waridi, ile wanayopewa watu wasio raia. Mume wangu Leugaw anayo, jirani yetu Mila anayo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelishika miaka hamsini na saba na bado ni wageni.

Baada ya mvua, mwezi wa kumi, tutaitwa mkoani mbele ya kamati. Tutaulizwa habari za nchi, na zaidi habari za mkoa wetu: nani aliujenga mji, ua la mkoa, mti wa mkoa, mito, mikoa ya jirani, na wilaya zote kumi na nane. Tukijua, majina yetu yatapelekwa Bangkok. Tusipojua, tutarudi kupalilia.

Mimi ningeweza kuishi na kadi ya waridi mpaka nife. Lakini mwaka jana binti yetu Arunee, anayefanya kazi kiwandani Rayong, alipasuliwa tumbo. Kutoka nje ya mkoa lazima tuombe ruhusa wilayani. Tukaomba. Ruhusa ilitoka siku ya tisa, Arunee ameshatoka hospitali peke yake, ameshika bandeji kwa mkono mmoja na mfuko wa nguo kwa mkono wa pili. Leugaw aliikunja ile karatasi, akaitia kofiani. Tulipofika nyumbani akasema, "Sitaomba tena ruhusa ya kwenda kwa mwanangu." Ndiyo sababu tunasoma uzeeni.

12 Juni
Darasani tuko wazee tisa. Mwalimu Saowalak ni msichana wa mkoa wa Phayao, kwa hiyo wilaya zetu naye amezisoma kwenye karatasi kama sisi. Hilo limenifariji kidogo.

Mimi nimeshika wilaya kumi na mbili. Leugaw ameshika mbili: yetu, na ile yenye soko la nguruwe.

"Babu, wilaya ya tatu ni ipi?" mwalimu akamuuliza.

"Jana nilikuwa naijua."

"Na leo?"

"Leo imeenda shamba."

Watu wote wakacheka, mwalimu naye akacheka. Mimi sikucheka. Nikifeli kwa sababu sijui, ni sawa. Lakini kukaa miezi mitano nikimfundisha mtu anayefanya mzaha!

13 Juni
Nimemfundisha akila. Hakuna.

17 Juni
Nimemfundisha tukipalilia. Alishika tano, tukafika mwisho wa tuta zimebaki tatu. Nikamwambia kichwa chake ni kapu lililotoboka. Akasema kapu lililotoboka halichoshi kubeba. Ana jibu la kila kitu, ila la wilaya tu.

25 Juni
Mvua, kupalilia, wali na pilipili ya karanga.

2 Julai
Jana kulikuwa na maziko kijiji cha ng'ambo. Walimwita Leugaw, kwa sababu ukoo wetu yeye ndiye anayewataja wazee. Alisimama kando ya jeneza akawaita wote, kuanzia yule wa kwanza aliyewazaa watu, kizazi kwa kizazi, mpaka kwa marehemu. Hakujikwaa hata mara moja. Watu walisimama wakimsikiliza, na mimi nilisimama pamoja nao nikiwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka.

Njiani nikamwambia, "Watu sitini na moja waliokufa unawajua. Wilaya kumi na nane zilizo hai, zenye mabango barabarani, hazikukai kichwani."

"Wale wameshikana," akasema. "Hizi zako zimetupwatupwa tu."

Ni kweli kwamba wale wameshikana. Kwetu jina la mtoto linaanzia pale la baba yake linapoishia. Baba mkwe alikuwa Sholeu, mwanawe akawa Leugaw. Ukishika mmoja amemshika mwenzake, mpaka juu kabisa. Ila kwetu sisi mnyororo umeishia kwa Leugaw. Tuna Arunee tu, na mtoto wa kike haubebi. Hilo sitaliandika zaidi, hata mwalimu akiuliza.

15 Julai
Barabara imebomoka. Mwalimu hakuja.

16 Julai
Mvua.

17 Julai
Mvua.

18 Julai
Mvua. Mila alikuja kuazima chumvi akakaa mpaka mchana. Anasema yeye hatasoma chochote, ataimba wimbo wa taifa kwa sauti kubwa mpaka kamati imwambie basi mama, tumekubali uraia, nyamaza. Nilicheka mpaka nikakohoa. Leugaw hakucheka. Alikaa mlangoni akitazama maji.

20 Julai
Nimemuuliza mito ya mkoa. Ametaja Kok, ametaja Mekong, halafu akataja kijito cha nyuma ya nyumba. Nimemtupia kata ya maji. Haikumpata.

28 Julai
Nina wasiwasi na huyu mzee. Siku hizi anaongea peke yake kwenye mibuni. Nikikaribia ananyamaza. Jana nilijificha nyuma ya mti nikamwona midomo inacheza, na vidole vinahesabu. Akafika mahali akakwama, akapiga goti kwa ngumi, akaanza upya. Alifanya hivyo mara nne. Baba yake hakuchanganyikiwa uzeeni, sijui yeye ameyatoa wapi.

Ukubwa jalala. Nina mpunga, nina kahawa, nina kamati, na sasa nina mwendawazimu.

3 Agosti
Amekonda. Hataki kufundishwa tena. Akiniona na karatasi anachukua panga anaenda kukata magugu yasiyokuwepo.

11 Agosti
Leo nimeona ajabu. Mwalimu alituuliza tena wilaya, mmoja mmoja. Mimi nilitaja kumi na saba, nikasahau Khun Tan. Mila alitaja sita, na moja ikawa ya mkoa wa Nan. Leugaw akasimama, akavua kofia, akafumba macho. Tukangoja. Midomo ilicheza muda mrefu bila sauti, mpaka mwalimu akanitazama kuniuliza kama ni mgonjwa. Halafu sauti ikatoka: Mueang, Wiang Chai, Chiang Khong, Thoeng, Phan... zote kumi na nane, kwa mpangilio, bila kuvuta pumzi.

Mwalimu alipiga makofi. "Babu! Sasa niambie, baada ya Mae Suai ni ipi?"

Akafumba macho tena, akaanza kimya kutoka huko anakoanzia. Tukasubiri kama watu wanaosubiri wali uive. "Wiang Pa Pao," akasema mwishoni.

"Huyu ni redio," akasema Mila. "Ukiizima na kuiwasha lazima ianzie taarifa ya habari."

Njiani nikamuuliza amewezaje.

"Nimezifunga."

"Umezifunga na nini?"

"Na kamba ninayoijua."

Sikumuuliza zaidi. Nilifurahi, ingawa sikumwonyesha. Ukimsifu anaacha kazi.

30 Agosti
Sikukuu ya bembea. Nimevaa kofia ya fedha, shingo inaniuma mpaka sasa. Wasichana walipanda bembea wakapiga kelele, na Mila naye akapanda, ana miaka sitini na nne, tukamshusha kwa nguvu. Arunee alipiga simu. Kiwanda hakikumpa siku. Akauliza, "Mama, mkipata, mtakuja lini?" Nikamwambia kwanza mbegu, ndipo mavuno. Akasema anajua, lakini ameshanunua godoro la pili.

14 Septemba
Barua imefika. Mwalimu ameipandisha mwenyewe, na matope mpaka magotini. Mimi, Leugaw na Mila: tarehe kumi na tisa Oktoba, saa tatu asubuhi.

Mila aliruka. Mimi nilikaa chini. Leugaw akaanza kuhesabu kwa vidole. Sisi tuna siku kumi na mbili katika mzunguko wetu, kila siku na mnyama wake. Alihesabu mara moja, akahesabu mara ya pili kutoka mkono wa pili. Kisha akampa mwalimu barua, kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Siku ya Nyati," akasema. "Mimi siendi."

Mwalimu hakuelewa. Mimi nilielewa, na damu ikanipanda. Baba yake alikufa siku ya Nyati. Siku aliyokufa mzazi wako hupandi, hujengi, huanzi jambo, hutoki nje ya lango la kijiji kwenda kutafuta kitu. Nimeishi na siku hiyo miaka arobaini, kila baada ya siku kumi na mbili mume wangu anakaa nyumbani anasuka vikapu. Sijawahi kulalamika. Leo nimelalamika.

"Baba Arunee, serikali haijui Nyati wala Panya!"

"Ndiyo. Mimi najua."

"Ulisema hutaomba tena ruhusa."

"Nilisema."

"Sasa bila uraia utamfikiaje? Au mwanao akipasuliwa tena utamsukia kapu?"

Nilisema maneno mengine, ambayo siyaandiki kwa sababu mwalimu anasoma daftari hili. Alikaa tu akiyapokea, kama paa linavyopokea mvua, na hicho ndicho kinachoniua. Miaka yote nikisema, ananyamaza. Na mimi najua ananyamazia nini. Mwanamke asiyempa mume mnyororo hana haki ya kupiga kelele. Hajaniambia hivyo hata siku moja, lakini anavyonyamaza nimesikia.

15 Septemba
Mwalimu amepiga simu mkoani. Siku haibadilishwi. Asiyefika atasubiri mwaka ujao, na Leugaw ana miaka sitini na nane.

17 Septemba
Hatusemezani.

18 Septemba
Hatusemezani. Nimemwambia kuku maneno yaliyokuwa yake.

22 Septemba
Leo, tukichuma majani ya haradali, alizungumza.

"Nitakwenda."

Niliendelea kuchuma. Nilijua kuna mkia.

"Lakini nikitoka siku ya baba, lazima nimwite, atoke pamoja nami. Nikimwacha nyuma ndipo inapokuwa vibaya."

"Mwite. Nani kakukataza?"

"Siwezi kumwita yeye nikawaacha waliomleta."

"Basi waite wote, hapa mlangoni, kabla hatujaondoka."

Akatikisa kichwa. "Nitawaita pale penye kazi. Nikishaulizwa."

Nikaacha kuchuma. Nikamweleza, polepole, kama anavyoeleza mwalimu, kwamba kamati inaona watu ishirini kwa siku, kwamba ukiulizwa wilaya unataja wilaya, hutaji babu wa babu wa babu. Tena ukishaanza kuwataja wazee huruhusiwi kukatiza, kwa sababu yule utakayeachia kwake anabaki amesimama njiani, hana nyumba. Je, wakimkatiza?

"Wasubiri kidogo," akasema. "Mimi nimewasubiri miaka arobaini na nane tangu nipewe kadi."

Nimekubali. Nimechoka kubishana. Kama tutafeli, tufeli tukiwa tumeshafika huko.

6 Oktoba
Mpunga umeinama. Nyani wameanza kuja. Nimemwomba walau aseme harakaharaka. Akasema wazee hawakimbizwi.

18 Oktoba
Nguo zimepigwa pasi. Sili, silali vizuri. Kumi na nane zote ninazo, hata Khun Tan.

19 Oktoba
Naandika haya nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Tulifika mkoani saa mbili. Mila aliitwa wa kwanza. Tukamsikia kupitia ukutani akiimba wimbo wa taifa, mpaka walinzi wakasimama wima nje. Alitoka anajipepea. "Wameninyamazisha," akasema, "nilivyowaambia."

Mume na mke wanaingia pamoja. Ndani kuna meza ndefu na watu watano. Mwenyekiti ana miwani na sauti ya upole, na kando yake karani kijana wa kike. Walituuliza majina. Wakatuambia tuketi, wakatuuliza kama tumekunywa chai. Nilianza kudhani mambo yatakuwa rahisi.

"Mzee Leugaw, tutajie wilaya za mkoa wetu. Usiogope, ukisahau moja mbili si neno."

Mzee akasimama. Akavua kofia, akaifumbata kifuani. Akaanza kule juu kabisa, kwa yule wa kwanza.

"Mzee," akasema mwenyekiti. "Mzee, nimeuliza wilaya."

Aliendelea. Karani aligeuza karatasi akitafuta maneno hayo yameandikwa wapi. Mjumbe mmoja mnene akatazama saa. Wa kumi, wa kumi na tano, wa ishirini. Leugaw alikuwa na sauti ya mazikoni, ile inayotoka tumboni, na ndani ya chumba chenye feni ilisikika kubwa mno. Mwenyekiti akainua kiganja.

"Inatosha, mzee. Tumekuelewa. Hujajiandaa, si aibu."

Leugaw alifumba macho akaendelea. Mjumbe mnene akasema, "Mtoeni nje apumzike," na karani akasimama kuja kumshika mkono.

Mimi, niliyemkataza kuwaita wazee hapo, nilisimama.

"Mheshimiwa, mwacheni amalize."

Wote wakanigeukia. Sauti yangu sikuijua. "Nisameheni. Kwetu akikatizwa hapo ni vibaya sana. Wilaya zinakuja. Ziko nyuma ya baba yake."

"Baba yake yuko mbali?" mwenyekiti akauliza.

Nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. "Bado watu ishirini na tisa."

Karani alicheka, akajiziba mdomo. Mwenyekiti akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akampungia karani aketi. "Haya," akasema. "Tuwasubiri."

Walikuja. Mmoja mmoja, kila mmoja amemshika mwenzake. Akafika kwa babu yake, niliyemkuta bado yu hai nilipoolewa. Akafika kwa Sholeu, na kwake akainamisha kichwa, kwa sababu ya siku. Kisha akajitaja mwenyewe, Leugaw. Nikashusha pumzi, nikasema moyoni sasa Mueang.

Akasema, "Gawto."

Halafu Mueang. Halafu Wiang Chai. Zilizofuata sikuzisikia.

Gawto alikuwa mwanetu. Alizaliwa mwaka ambao daraja lilichukuliwa na maji, miaka miwili baada ya Arunee, akaishi miezi saba. Kwetu mtoto aliyekufa kabla ya kutembea hawekwi kwenye ukoo. Hatajwi mazikoni wala nyumbani. Anakuwa kama hakuja. Miaka thelathini na sita sikulisikia jina hilo kwa kinywa cha mtu yeyote, na mimi mwenyewe nililisema mara chache tu, shambani, mdomo nikiwa nimeuziba kwa nguo. Na sasa limesemwa mbele ya serikali, kwa sauti kubwa, limewekwa mahali pake, baada ya baba yake.

Nilipozinduka mwenyekiti alikuwa amekunja kidole cha mwisho. "Kumi na nane," akasema. "Zote. Mzee, hao wa mwanzo ni nani?"

"Wazee wangu."

"Na wilaya ukaziweka baada yao?"

"Baada ya mwanangu, mheshimiwa." Leugaw alikuwa bado ameifumbata kofia. "Mwanangu hakupata watoto. Na hizi wilaya hazikuwa na baba. Nikaona nizikutanishe."

Feni ilizunguka. Mwenyekiti akavaa miwani akaandika, akaandika mistari mingi kuliko jibu lenyewe.

"Haya, mama. Zamu yako. Nitakupa rahisi. Ua la mkoa wetu ni lipi?"

Nalijua. Mtoto wa chekechea analijua. Lina rangi ya chungwa, limefunika uzio wote wa shule yetu, ninapita chini yake kila siku nikienda darasani. Nilifungua mdomo. Kilichotoka si jina la ua. Nililia mbele ya watu watano wenye vitambulisho shingoni, nikalia kama niliyefiwa asubuhi hiyo.

"Chukua muda, mama," akasema. Karani alinipa karatasi laini. Wakaniuliza mto. Wakaniuliza nani aliujenga mji. Wakaniuliza jina la mkoa tu, maskini, walitaka wanisaidie. Sikuweza. Kila nikitafuta neno nalikuta lile moja limekaa mlangoni.

20 Oktoba
Jana nguvu za kuandika ziliniishia. Nimalizie.

Tulirudi tumeketi nyuma kwenye gari la mpwa wake Mila, Mila akiwa mbele anaimba. Nilimuuliza Leugaw, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema haruhusiwi."

"Wewe ndiye mjuzi wa desturi, si mimi."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilijua haruhusiwi." Tukapita kona mbili. "Mwanzo nilizifunga kwenye jina langu. Hazikushika. Wiki nzima kwenye mibuni zilikuwa zinaanguka. Siku moja nikamweka yeye katikati, nijaribu tu. Zikashika."

Nikamwambia jambo nililolibeba muda wote huo. "Miaka thelathini na sita nilidhani ukinyamaza unanilaumu."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa wilaya. "Nilikuwa nimenyamaza tu," akasema.

Nilimpiga begani kwa ngumi. Halafu nikaegemea hapo hapo nilipompiga, mpaka nyumbani.

2 Novemba
Majibu yamebandikwa wilayani. Mwalimu ameyapiga picha akatuletea. Leugaw: jina linapelekwa Bangkok. Mila: linapelekwa Bangkok. Mizeu: hakujibu, arudi msimu ujao.

"Mwalimu kafeli, wanafunzi wamefaulu!" akasema Mila, kisha akaona uso wangu, akaenda kunikatia muwa.

Leugaw alimwomba mwalimu akaliondoe jina lake, tungoje pamoja. Nilimkataza. Tulizozana mpaka wali ukaungua. Nikamwambia Bangkok wenyewe watachukua miaka, tukichelewa wote wawili nani atamfikia Arunee? Arunee naye akapiga simu, akalia kidogo, akasema, "Baba atangulie. Mama si anajua kila kitu?"

Ndiyo, najua kila kitu. Hasira niliyonayo ni ya kujua.

9 Novemba
Tumeanza kuvuna. Mabua yamenikata mikono.

Mchana tulikaa kwenye kibanda cha shamba. Nikatoa karatasi ya wilaya, mazoea tu. Leugaw akaichukua, akaikunja, akaikalia.

"Hizi unazijua," akasema. "Mito unaijua. Shida yako si wilaya. Shida yako ni yule anayezitangulia. Mwaka ujao wakikuuliza chochote utamkuta yeye kwanza. Basi mzoee. Mtaje."

"Wanawake hawataji."

"Watoto waliokufa nao hawatajwi. Mtaje, mama Arunee."

Nilimwambia nimechoka. Akasema anajua. Nilimwambia mpunga unangoja. Akasema utangoja.

"Gawto," nikasema, na sauti ikakatika.

"Tena."

"Gawto." Nililia. Hakunigusa, hakuniambia ninyamaze. Alingoja, kama kamati ilivyomngoja yeye.

"Tena."

Mara ya tano nilivuka. Gawto, Mueang, Wiang Chai, Chiang Khong, Thoeng. Nikaendelea mpaka ya kumi na nane.